Je, Imani Humfanya Mtu Kuwa Mwema?

SOMO LA KUJIFUNZA KATIKA VIKUNDI

Someni kwanza: Luka 19:1–10, Warumi 2:12–16, Luka 10:25–37, Yakobo 2:14–26.



Somo hili limetokana na swali ambalo Wakristo wa hapa kwetu huulizwa na jirani zao, mara nyingine kwa utani na mara nyingine kwa uchungu: "Ninyi mnaokwenda kanisani kila Jumapili, mmetuzidi nini sisi tusiokwenda?" Huliuliza mtu aliyeuziwa kiwanja ambacho kilikwisha kuuzwa kwa mwingine, akaambiwa kwamba muuzaji ni mwimbaji wa kwaya. Huliuliza binti wa kazi za nyumbani ambaye hajalipwa mshahara wake wa miezi mitatu, na mama mwenye nyumba hakosi mkutano wa Umoja wa Akina Mama. Hapa Chimwaga, ambako wageni wameongezeka sana tangu Chuo Kikuu kilipoanzishwa mwaka 2007 na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, ardhi imepanda bei, kodi za vyumba zimepanda, na majaribu nayo yameongezeka.

Swali hili lisitutie hasira, wala tusilikimbie kwa kusema kwamba hao si Wakristo wa kweli. Jibu la namna hiyo ni rahisi mno, kwa maana kila dhambi ya Mkristo inaweza kufutwa kwa maneno hayo, na sisi tukabaki safi siku zote. Na tulitazame swali lenyewe.

1. WEMA HAUKUANZA NA SISI

Kwanza yatupasa kukiri jambo moja. Wema haukuingia Ugogo kwa mara ya kwanza siku ile wamisionari wa CMS walipofika Mpwapwa mwaka 1876. Babu zetu walikuwa na desturi ya mwenye ng'ombe wengi kumkabidhi mwenzake baadhi ya ng'ombe wake awatunze. Ng'ombe walibaki mali ya mwenyewe, lakini maziwa yalinywewa na watoto wa aliyewatunza. Na ukame au ugonjwa ulipokuja, mifugo ya mtu haikuwa yote mahali pamoja. Hivyo tajiri na maskini walifungamana, na aliyevunja uaminifu huo aliaibika mbele ya watu wote. Hawakuwa malaika, lakini walijua kwamba wizi ni wizi na kwamba mwenye njaa hafukuzwi mlangoni.

Mtume Paulo hashangazwi na jambo hilo. Katika Warumi sura ya 2 anafundisha kwamba watu wasiopewa torati hutenda mara nyingi yale ambayo torati inaagiza, kwa sababu Mungu ameyaandika mioyoni mwao, na dhamiri zao zinawashuhudia. Kwa hiyo tusiwaambie jirani zetu kwamba pasipo dini mtu hawezi kujua jema na baya. Si kweli, na Biblia yenyewe haisemi hivyo.

Basi, ikiwa dhamiri ni ya watu wote, imani inaongeza nini?

2. UAMSHO ULIOFIKA DODOMA

Wazee wa Dayosisi yetu ya Central Tanganyika walikuwa na jibu la swali hilo, kwa maana waliliona kwa macho. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, huko Namirembe, Kampala. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, na hapa Dodoma pia.

Uamsho huo ulitambulikana kwa mambo mawili. Jambo la kwanza ni kutubu hadharani, yaani kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya ndugu akasema alichofanya kwa jina lake, bila kukizungushia maneno. Jambo la pili ni kurudisha. Watu walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri wao, walilipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa, na waliwaendea adui zao kuomba radhi.

Mmoja wa ndugu hao alikuwa mwalimu kijana kutoka Kigezi, Uganda, jina lake Festo Kivengere, aliyekuja katika miaka ya 1940 kufundisha katika shule ya Alliance hapa Dodoma. Shule hiyo baadaye iliitwa Mazengo, na leo mahali pake pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Kivengere alikuwa akisimulia kwamba, alipookoka, alipanda baiskeli akaenda maili nyingi kumwomba radhi Mzungu mmoja ambaye alimchukia. Miaka mingi baadaye, akiwa Askofu wa Kigezi, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwezi Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alilazimika kuikimbia nchi yake, na mwaka huohuo akaandika kitabu kueleza jinsi alivyomsamehe Amin. Aliyejifunza kumwendea adui mmoja kwa baiskeli aliweza baadaye kumsamehe adui mkubwa zaidi.

Kadhalika nchini Kenya, katika miaka ya 1950, ndugu wengi Wakikuyu wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa kwa kukataa huko. Hawakukubali kumwaga damu ya upande wowote.

Tukisimama hapo, tungeweza kufunga somo na kusema: naam, imani humfanya mtu kuwa mwema. Lakini tukisimama hapo tutakuwa tumesema nusu tu ya habari.

3. NCHI ILEILE YA GAHINI

Gahini iko Rwanda. Na Rwanda ndiyo nchi ambako, kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku kama 100, waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji hayo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1991, karibu watu 9 katika kila 10 wa nchi hiyo walikuwa wamejiandikisha kuwa Wakristo. Mfalme wao Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi yake wakfu kwa Kristo Mfalme. Kwa hesabu za vitabu vya ubatizo, palikuwa na nchi chache za Afrika zilizoizidi Rwanda.

Watu walikimbilia makanisani wakidhani hakuna atakayethubutu kuua ndani ya nyumba ya Mungu. Waliuawa humohumo, huko Ntarama, Nyamata, Nyarubuye na mahali pengine pengi. Sisi Watanzania hatukusikia habari hizo kutoka mbali. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na mto Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Viktoria.

Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha hadi mwaka 2015 ilihukumu wanasiasa na wanajeshi, lakini pia watu wa kanisa. Padre Athanase Seromba alihukumiwa mwaka 2006 kwa ajili ya yaliyotokea katika kanisa lake la Nyange, ambalo lilibomolewa kwa tingatinga huku watu wasiopungua 1,500 wakiwa ndani. Mwaka 2008, katika rufani, adhabu yake ilifanywa kuwa kifungo cha maisha. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Waadventista alihukumiwa mwaka 2003. Na tusiwanyoshee wengine kidole, kwa maana askofu mmoja wa Kanisa letu la Anglikana alishtakiwa pia mbele ya mahakama hiyo, akafariki mwaka 2003 kabla kesi yake haijasikilizwa. Hukumu yake tumwachie Mungu.

Lakini si wote waliokuwa hivyo. Huko Gisenyi mtawa mlei wa Kikatoliki, Felicitas Niyitegeka, yeye mwenyewe Mhutu, aliwaficha Watutsi na kuwavusha kwenda Goma. Kaka yake, aliyekuwa kanali wa jeshi, alitaka kumwokoa peke yake. Alikataa kuwaacha wale aliowaficha, akauawa pamoja nao.

Na huko Ruhango palikuwa na bibi mzee, Zura Karuhimbi. Watu walimwogopa kwa kuwa walimdhania mchawi. Aliwaficha watu zaidi ya 100 katika nyumba yake ndogo. Wauaji walipokuja, aliwatisha kwamba mizimu itawaangamiza, wakaondoka. Alifariki mwaka 2018, akiheshimiwa na taifa lake.

Someni sasa Luka 10 kwa sauti. Kuhani alipita kando, na Mlawi akapita kando, lakini yule Msamaria, aliyedharauliwa na watu wa dini, ndiye aliyesimama. Bwana wetu aliuliza ni nani aliyekuwa jirani, naye hakuuliza ni nani aliyekuwa na cheti cha ubatizo. Je, sisi tungemjibuje juu ya padre wa Nyange na bibi wa Ruhango?

4. ORODHA FUPI YA DHAMBI

Inawezekanaje nchi moja itoe uamsho wa Gahini na pia mauaji ya Nyange? Tunadhani jibu ni hili: imani hubadili yale inayoruhusiwa kuyagusa.

Uamsho ulipowagusa watu katika wizi, waliacha wizi. Ulipowagusa katika chuki ya mtu kwa mtu, walikwenda kupatana. Lakini makanisa ya Rwanda kwa miaka mingi yaliyaacha mambo mawili makubwa bila kuyagusa, nayo ni ukabila na madaraka. Kabila la mtu liliandikwa katika kitambulisho chake tangu wakati wa Wabelgiji. Wakubwa wa makanisa walikaa karibu sana na wakubwa wa serikali, hata wakaona vigumu kuwakemea. Waumini walifundishwa kutubu ulevi, uzinzi na uongo, na walitubu kweli. Orodha ya dhambi ilikuwa fupi, na dhambi iliyokuja kuwaua haikuwamo katika orodha.

Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkristo Mkatoliki, alitoa onyo lililo karibu na hilo mwaka 1970 alipozungumza na watawa wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupigana na mipango ya maisha inayowadhulumu maskini, litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma.

Nasi orodha yetu ina urefu gani? Ukumbi wa Chimwaga uliopo hapa kwetu ndimo Chama Cha Mapinduzi kilimomteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995. Alipoingia madarakani aliunda tume ya Jaji Joseph Warioba kuchunguza rushwa, na taarifa yake ya mwaka 1996 ilionyesha kwamba rushwa imeenea katika polisi, mahakama, hospitali, shule na ofisi za ardhi. Wakati huo, kama leo, karibu kila ofisa wa nchi hii alikuwa mtu wa dini, Mkristo au Mwislamu, na viongozi walikuwa wameapa wakishika Biblia au Msahafu. Dini ilikuwapo ofisini. Ilikaa ukutani katika kalenda, wala haikuruhusiwa kufika kwenye droo ya meza.

5. HARAKA NA UKUMBUSHO

Kuna mambo mengine mawili ambayo uchunguzi wa wataalamu umeonyesha, nayo yatatusaidia.

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Darley na Batson, walitoa taarifa ya jaribio walilofanya huko Princeton kwa vijana waliosomea uchungaji. Kila kijana alitumwa kwenda jengo jingine kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipewa hotuba juu ya Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuguna kama mgonjwa. Katika wale walioambiwa kwamba wamechelewa, ni mmoja tu katika 10 aliyesaidia. Katika wale waliokuwa na nafasi ya kutosha, walisaidia zaidi ya nusu. Kubeba hotuba ya Msamaria mkononi hakukuleta tofauti kubwa. Kilicholeta tofauti kilikuwa haraka.

Ndugu, tusiwacheke vijana hao. Ni nani kati yetu hajampita mtu akiwahi ibada? Imani yao ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa haijagusa saa yao.

Jambo la pili latoka Marrakesh, nchini Moroko. Wenye maduka Waislamu waliombwa kuchagua kati ya kujipatia fedha na kuzitoa sadaka. Walioulizwa adhana ikisikika walichagua sadaka kwa wingi kuliko walioulizwa wakati mwingine, ingawa duka lilikuwa lilelile na dini ileile. Tunajifunza kwamba mwanadamu ni msahaulifu. Imani iliyokumbukwa saa ya biashara hufanya kazi, na ile iliyoachwa kanisani Jumapili mchana hulala hadi Jumapili nyingine. Ndiyo maana Kanisa letu lina sala za asubuhi na jioni kila siku, wala si siku moja tu katika juma.

6. ZAKAYO NA MFUKO WAKE

Sasa tumrudie Zakayo. Angalieni mpango wa habari hiyo. Bwana Yesu hakumwambia kwanza, "Rudisha fedha ndipo nitakuja kwako." Alijikaribisha mwenyewe nyumbani mwa mwenye dhambi, na watu wakanung'unika. Neema ilitangulia. Kwa hiyo hatufundishi kwamba mtu huokolewa kwa matendo yake.

Lakini tazameni neema hiyo ilifika wapi. Zakayo alisimama akataja nusu ya mali yake kwa maskini, na malipo mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakuulizwa habari za mfuko, ila mgeni aliyeingia nyumbani alikuwa amefika hadi kwenye mfuko. Ndipo Bwana akatangaza kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile. Paulo na Yakobo hawagombani hapa. Paulo atuambia jinsi mgeni anavyoingia, na Yakobo anauliza: akiisha kuingia, mbona nyumba bado ni ileile?

Wengi wetu tunamkaribisha Bwana sebuleni. Kuna picha yake ukutani na kitambaa kizuri mezani. Lakini ghalani hajafika, na chumba cha kuhesabia fedha tumekifunga. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kilichofichwa hata Mungu asikiguse hakitazaa matunda mema, hata kama tunasali miaka 40.

Basi jibu letu kwa jirani ni hili. Hatukuwazidi ninyi kwa sababu ya kuandikwa katika kitabu cha kanisa. Katika jambo lile ambalo tumemruhusu Kristo aliguse, tumebadilika, na mnaweza kutuuliza mkaona. Katika yale tuliyomfungia mlango tuko kama mtu mwingine yeyote, na pengine wabaya zaidi, kwa kuwa tunayafunika kwa nyimbo. Mkituonyesha mlango uliofungwa, mnatusaidia.

7. MAMBO YA KUFANYA

Tunapendekeza kila kikundi kiongeze orodha yake ya dhambi, kwa kuyataja yale ambayo hatuyasikii mara nyingi mimbarani:

Kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, au kuuza shamba la mjane na yatima kwa kuwa hati iko kwa shemeji.

Kufunga gunia la lumbesa, au kuchezea mizani wakati wa kununua zabibu na karanga za mkulima.

Kuchelewesha mshahara wa mtumishi wa nyumbani au wa kibarua.

Kumwita bibi kizee mchawi kwa sababu ya macho yake mekundu, ambayo ameyapata kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Wanawake wazee wameuawa katika nchi hii kwa neno kama hilo, na waliolisema walikuwa na dini.

Kumdharau mtu kwa kabila lake au kwa kuwa ni mgeni, na kumpandishia kodi kwa sababu hiyo.

Mkisha kuyataja, kila mtu achague moja linalomhusu, na kama kuna kitu cha kurudisha akirudishe kabla ya kukaribia tena Meza ya Bwana. Asitangaze kwa ajili ya kusifiwa. Amwendee anayehusika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mtajeni mtu asiye Mkristo aliyewatendea wema. Warumi 2:14–15 yamhusuje?

2. Ni dhambi zipi zinazokemewa sana katika kanisa letu, na ni zipi hazitajwi? Kwa nini?

3. Kama wakati wa mauaji ungalikuja hapa kwetu, ni jambo gani katika ibada zetu za sasa lingalitusaidia kusimama kama Felicitas?

4. Haraka ya maisha ya mji wa Dodoma imetupitisha kando ya nani juma hili?

TUOMBE

Ee Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani mwa Zakayo bila kuona haya, ingia na kwetu. Usikae sebuleni tu. Fika katika mizani yetu, katika hati zetu, katika ndimi zetu na katika saa zetu. Uwaponye jirani zetu wa Rwanda, uliokuwa pamoja nao walipoachwa na watu wako. Utupe moyo wa kurudisha tulichochukua, na ujasiri wa kusimama pale ambapo wengi wanapita. Amina.